Kompyuta Iliyokaa kwa Wageni

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alienda Kericho kuchuma chai na hakurudi. Hakufa. Alioa huko. Sisi tulibaki na mama na shamba la mteremko ambalo hata mbuzi alilitazama vizuri kabla ya kushuka. Nilikuwa darasa la pili. Nilimaliza hilo, nikaonja la tatu muhula mmoja, nikafukuzwa kwa kukosa pesa za shule, na huo ndio mwisho wa masomo yangu. Nilitoka shule nikijua kuhesabu, na nikijua kuandika jina langu kwa herufi kubwa. Herufi ndogo walizifundisha baadaye, mimi nikiwa sipo.

Miaka ya katikati sitaieleza sana, maana kila mzee wa rika langu ana yake na zote zinafanana. Nilibeba mawe ya kuchonga kule Tabaka, jioni narudi mgongo mweupe kama nimepakwa unga. Nikaacha mawe, nikauza ndizi Suneka, kwanza mkungu wa kubeba kichwani, halafu mkokoteni, halafu pikapu. Hakuna aliyenishika mkono. Wale wanaosema walinisaidia wajitokeze, niko hapa.

Mambo ninayotaka kuandika ni ya juzi tu. Ni mambo ya printa.

Mke wangu alifariki, Mungu amrehemu, na watoto wangu wote wako mbali isipokuwa mmoja aliyejenga hapa bomani. Huyo naye anafanya kazi Nairobi, anakuja mwisho wa mwezi. Aliyebaki nyumbani kwake ni mkewe na mtoto wao mdogo. Kwao huyu mkaza mwanangu ni Nyaramba, watu wa majani chai. Amesoma mambo ya kompyuta, na kabla ya kuolewa alikuwa anafanya kazi kwa duka la kuchapa mjini Kisii. Vidole vyake vinakimbia juu ya vibonye bila yeye kuangalia.

Siku moja mwanangu alikuja, akakaa kwenye kiti cha veranda akizungusha kofia mkononi. Nikajua kuna neno.

"Baba, mke wangu hawezi kukaa hapa bila kazi. Alizoea kazi."

"Kazi iko. Ndizi zimejaa."

"Ya kwake, Baba. Ya kompyuta. Ikikosekana mpaka mwisho wa mwaka, nitamchukua na mtoto twende Nairobi."

Mtu akikuambia hivyo, wewe humjibu kwa mdomo. Mnajua boma linavyokufa. Halifi kwa moto. Mwana mmoja anaweka kufuli mlangoni, anasema atarudi Desemba, nyasi zinaanza kuota pale mlangoni, halafu wa pili anaona mwenzake. Mimi nimetembea katika maboma kama hayo hapa Kisii, nyumba nzuri za matofali na ndani ni popo. Sikubeba mawe Tabaka ili nijengee popo.

Kwa hiyo nilifanya vile ninavyofanya. Nilileta intaneti. Kile kisanduku chake kiliwekwa kwangu, kwa sababu nyumba yangu ndiyo iko juu zaidi na ndiyo ina umeme usiosumbua. Mwanangu mwenyewe ndiye alikipanga. Akaniambia tutakuwa na mitandao miwili kutoka kisanduku kimoja. Mmoja wa nyumbani, mmoja wa watu wanaopita.

"Wa nyumbani tuuite nani, Baba?"

"Nyumba ya Mzee."

"Na huu mwingine?"

"Wageni."

"Paswadi ya wageni nimeweka rahisi. Ya nyumbani?"

"Jina langu."

Akacheka. "Baba, paswadi ni kitu cha siri."

"Jina langu si siri. Nani Suneka halijui? Ninayelipa ni mimi. Weka jina langu."

Akaliweka. Halafu mkewe, bila kuuliza mtu, aliingiza kompyuta yake kwa mtandao, na intaneti ikafika nyumbani kwake vizuri. Barua pepe zilikuwa zinaingia, mtoto akawa anaangalia katuni. Mimi nikaona mambo yamekaa sawa.

Baadaye nilienda Kisii nikanunua printa, ile inayochapa bila waya. Na hapa lazima nieleze jambo kwa wale wasio wa kwetu, la sivyo watauliza kwa nini nisingeibeba printa nikaiweka kando ya kompyuta tukamaliza.

Sisi Wakisii tuna kitu tunakiita chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye mipaka kama shamba. Baba haingii kwa nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kabisa, hata mvua ikinyesha. Nyumba ile niliwaona mafundi wakiijenga, na sijawahi kukanyaga ndani. Na mke wa mwana naye hakai kwa nyumba ya baba mkwe, hasa nyumba ambayo haina mama. Anafika mlangoni, anaweka chakula, anaondoka. Nyumba yake ina vumbi la udongo na paa linavuja upande mmoja, na printa haitaki vumbi wala maji. Kwangu kuna simiti na dari. Basi printa ikae kwangu, kompyuta ikae kwake, karatasi zitoke kwangu, nizitoe mimi niziweke kwa meza ya veranda, yeye achukue. Nilipoelezwa kwamba maneno yatapita hewani juu ya uwanja bila mtu kuvuka, nilisema huyu mzungu aliyetengeneza hiki kitu lazima alikuwa na baba mkwe.

Fundi wa duka alikuja na bodaboda inayomsubiri. Nikamtamkia paswadi, akaunganisha printa, akaangalia taa, akasema sawa. Akapiga kelele kuelekea nyumba ile nyingine, "Mama, kompyuta iko kwa mtandao?" Akajibiwa, "Iko." Akasema, "Basi zitaonana zenyewe," akapanda boda akaenda.

Zitaonana zenyewe. Mimi nimeuza ndizi maisha yangu yote. Sijawahi kuona ndizi na mnunuzi wakionana wenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuja wiki hiyo hiyo. Mwalimu mkuu wa shule iliyo huku chini alikubali kumjaribu mkaza mwanangu na karatasi za mtihani. Mtihani ni Jumatatu. Karatasi zichukuliwe Ijumaa mchana, na zikikosa, kazi inarudi kwa duka la sokoni na hairudi tena. Hayo alimwambia waziwazi. Na sisi ni Waadventista. Ijumaa jua likizama, kwangu hakuna kazi.

Siku hiyo baada ya chakula cha mchana nikakaa kando ya printa kama mtu anayesubiri ng'ombe azae. Nikasikia sauti kutoka kwa mlango wa nyumba ya pili.

"Tata, nimetuma! Imetoa?"

Tata kwa Kikisii ni baba. Baba kwa Kikisii ni mama, lakini hilo tuliache, litawachanganya.

"Haijatoa!"

"Na sasa?"

"Imenyamaza kama jiwe!"

"Kompyuta inaniambia printa haipo hewani!"

"Iko hapa! Naiona kwa macho!"

Nilifanya mambo ya mtu mwenye akili. Nikaangalia karatasi, ziko. Nikafungua kifuniko, hakuna iliyokwama. Nikaangalia wino, umejaa. Nikaizima nikaiwasha. Fundi alikuwa amenionyesha kibonye kimoja, kwamba nikikishikilia itachapa karatasi yake yenyewe ya kujijaribu. Nikakishikilia. Ikanguruma, ikatoa karatasi nzuri yenye mistari na namba. Basi printa ni nzima. Nikamwita.

"Yangu ni nzima! Kosa liko kwako!"

"Na kwangu intaneti iko, tata! Hata sasa mwalimu mkuu amenitumia barua anauliza!"

Nikazima kile kisanduku cha intaneti. Nikangoja, nikawasha. Akazima kompyuta, akawasha. Akatuma tena. Kimya. Huku nzima, kule nzima, na katikati hakuna kitu kinachopita. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiwa hivyo.

Wakati huo mtu wa boda aliyetumwa na shule alifika. Ni mtu mzima, mdomo mrefu, ananijua tangu nikiwa na mkokoteni. Alisimamisha pikipiki yake uwanjani, akatandaza gunia la kubebea mitihani.

"Mzee, ziko wapi?"

"Ziko njiani."

"Njia gani? Mimi sijapita na mtu."

"Ziko hewani."

Akaangalia juu. "Labda zimepitiliza, mzee. Ukipiga simu Migori utaambiwa zimeshukia huko."

"Kaa hapo unyamaze."

"Nitakaa. Lakini mwalimu mkuu amesema nikikuta bado, niende moja kwa moja sokoni nikampe yule wa duka kazi. Anaweza kuchapa mpaka asubuhi, yeye si wa Sabato."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, ambayo inasikika mpaka barabarani. Nikaona mkaza mwanangu ameingia ndani, mlango umebaki wazi. Hakutoka kwa muda. Mimi sikupenda ule mlango ulivyokuwa mtupu.

Nikampigia mwanangu Nairobi. Nikaweka simu itoe sauti nje, nikasimama katikati ya uwanja, ili anisikie mimi na amsikie mkewe. Mkewe akatoka, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni kwake.

"Baba, ile karatasi ya kujijaribu unayo?"

"Ninayo."

"Chini kuna namba zenye nukta nukta katikati. Nisomee."

Nikasoma. Namba ninazijua, hakuna mtu amewahi kunidanganya namba. Halafu akamwambia mkewe afungue mahali fulani kwa kompyuta na asome zake. Akaingia, akasoma kutoka ndani kwa sauti. Zilianza kama zangu, halafu katikati zikaenda njia nyingine.

Mwanangu akazirudia zote mbili kwa sauti. "Hizo hazifanani. Hamko kwa nyumba moja."

"Tuko kwa boma moja," nikasema.

"Boma ndiyo, Baba. Nasema mtandao." Akamuuliza mkewe, "Mama, wewe umeingia kwa mtandao gani?"

Mkewe akatoka tena mlangoni, akaangalia chini.

"Unanisikia? Angalia kwa kona, jina la mtandao. Ni gani?"

Nilifikiri simu imekatika. Nikaiangalia, haijakatika. Yule wa boda naye alikuwa ameacha kutafuna kijiti chake.

"Wageni," mke akasema.

"Wageni? Ndiyo maana! Wale wa Wageni wanapewa intaneti tu, hawaruhusiwi kuona vitu vya nyumbani. Nilipanga hivyo makusudi, mtu akipita asiingie kwa vitu vyetu. Printa iko kwa Nyumba ya Mzee, wewe uko kwa Wageni, mtaonana vipi?" Halafu akauliza swali ambalo nadhani hakulipima. "Kwa nini uliingia Wageni? Kwani wewe ni mgeni hapo?"

Nikamwangalia yule mwanamke. Alikuwa ameinama anafunga leso ya mtoto ambayo haikuwa imefunguka. Zaidi ya mwaka ananiletea chakula mlangoni, na kompyuta yake inakaa kwa Wageni.

"Ile nyingine inataka jina la tata," akasema polepole. "Mimi ninaandikaje jina la tata?"

Hapo nikaelewa yote mara moja, na mwanangu naye akaelewa kule Nairobi, maana nilimsikia akivuta pumzi. Mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe. Hata mtu mwingine akiwa na jina hilo hilo sokoni, atamwita kwa jina la mtoto wake. Kulitamka ni kukosa adabu. Sasa kulipiga kwa vidole, herufi baada ya herufi, kila moja ikiitika? Na mtandao wenyewe unaitwa Nyumba ya Mzee, na kompyuta inakuuliza kwa sauti ya Kiingereza kama unataka kuingia. Mtoto wa watu aliyelelewa vizuri atabonyeza ndiyo? Alifanya vile mama yake alimfundisha Nyaramba. Alikaa nje.

Na wale wataalamu wote, mwanangu na fundi wa duka, wangekaa hapo mpaka Krismasi wakibadilisha waya.

Yule wa boda alianza kucheka, akashika tumbo. "Mzee, jina lako limefunga mlango kuliko kufuli!"

"Hilo ni jina," nikamwambia. "Lako halifungi hata kuku."

Mwanangu alitaka kueleza jinsi ya kubadilisha paswadi, lakini ukibadilisha lazima printa nayo uiunganishe upya, na jua halikuwa linatungoja. Nikamwambia mkaza mwanangu alete kompyuta nje. Akaileta, akaiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja, akarudi nyuma hatua kadhaa akageuza uso upande wa ndizi. Nikavuta kiti. Hapo si kwangu ndani, si kwake ndani. Chinsoni haijavunjwa.

Nikavaa miwani. Nikaandika jina langu kwa kidole kimoja, kama ninavyolitia sahihi benki. Kompyuta ikakataa.

"Inasema si sahihi," nikasema.

"Mzee amesahau jina!" yule wa boda akasema.

Nikaandika tena. Ikakataa tena. Hapo damu ilinipanda kidogo, nakubali. Nimelibeba hilo jina zaidi ya miaka sitini, na mashine ya juzi inaniambia si langu.

"Baba," mwanangu akasema kwa simu, "umeandika kwa herufi gani?"

"Kubwa. Kuna nyingine?"

"Mimi niliweka ya kwanza kubwa, zingine ndogo."

"Kwa nini ulinipunguza?"

"Ndivyo jina linaandikwa, Baba."

"Langu haliandikwi hivyo."

Nikasikia mtu akicheka, na hakuwa wa boda. Mkaza mwanangu alikuwa amejifunika mdomo na leso, mabega yanatikisika. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka mimi nikiwepo. Akasema, bado akiangalia ndizi, "Tata, upande wa kushoto kuna kibonye cha herufi kubwa chenye taa ndogo, nilikiacha kimewaka nikiandika vichwa vya mtihani. Kizime baada ya herufi ya kwanza."

Nikaandika ya kwanza, nikakizima. Nikamalizia jina langu kwa herufi ndogo, jambo ambalo sikuwahi kufanya tangu nizaliwe. Lilionekana kama jina la kijana. Nikabonyeza. Ikakubali.

"Rudi kwako utume," nikamwambia.

Akachukua kompyuta mbio. Mimi nikarudi kwangu. Sijakaa vizuri, printa ikapiga mguno, ikameza karatasi, na swali la kwanza la hesabu likatoka mbele ya macho yangu likiwa na joto. Lilihusu mtu anayeuza ndizi. Aliyelitunga hajawahi kuuza.

Tulifanya kazi. Anatuma, ninatoa, ninapanga, ninapiga stepla, ninaweka veranda, wa boda anafunga. Tulikuwa tunapigiana kelele juu ya uwanja: "Darasa la nne limeisha!" "Weka karatasi, tata!" "Nimeweka!" Ningekuwa na mfanyakazi kama mimi wakati wa ndizi ningetajirika mapema.

Zilibaki karatasi za darasa moja jua lilipogusa kilima. Wa boda akasema, "Malizia tu, mzee. Ni dakika. Na hufanyi kazi wewe, ni mashine."

"Amri inasema wewe, na mtumishi wako, na mnyama wako," nikamwambia. "Hii nimeinunua, nailisha karatasi, inalala kwangu. Ni mnyama wangu." Nikaizima. "Njoo Jumapili asubuhi."

Akaenda na gunia limejaa. Mkaza mwanangu alisimama mlangoni kwake akiliangalia gunia mpaka pikipiki ikapotea kwa kona. Jumapili tulimaliza lile darasa, mwalimu mkuu akaja mwenyewe kulichukua, na kabla ya kuondoka akaacha kazi ya shule jirani.

Mwisho wa mwezi mwanangu alikuja. Nikamwambia abadilishe lile jina la mtandao. Sasa si Nyumba ya Mzee, ni Boma. Paswadi pia imebadilishwa, wao wawili wanaijua, mimi nimeandikiwa. Jina langu nimelirudisha mahali pake, kwa herufi kubwa. Mtandao wa Wageni uko bado. Ni wa wageni. Mambo ya Nairobi mwanangu hakuyataja, na mimi sikumkumbusha.

Hivi ndivyo vitu nilivyo navyo leo. Shamba la mteremko la mama yangu, na lingine la tambarare nililonunua mwenyewe. Ndizi. Majani chai kidogo. Ng'ombe wawili wa maziwa. Pikapu, kuukuu lakini inatembea. Nyumba ya matofali yenye dari. Tangi la maji. Kisanduku cha intaneti. Printa moja, na nimeagiza nyingine kwa sababu hii imechoka. Na ile nyumba ya pili siihesabu, ni ya mwanangu, na sijui hata ndani kuna viti vingapi. Lakini iko kwa boma langu, na mlango wake hauna kufuli.